Anime na Ujira wa Mchoraji

Hii ni hotuba niliyoitoa Dar es Salaam mbele ya vijana wanaojifunza kuchora katuni, pamoja na walimu na wazazi wao. Naiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Walimu wangu, shikamooni. Wazazi mliosindikiza watoto wenu, karibuni sana. Na ninyi vijana mliojaza viti vya mbele, wengine mmevaa fulana za wahusika mnaowapenda, habari za mchana?

Nimeombwa nizungumzie historia ya anime, yaani filamu na vipindi vya katuni vya Japani. Humu ndani wamo watu wanaoweza kutaja kila mhusika, kila pigo, kila wimbo wa kufungulia kipindi. Leo sitazungumzia wahusika. Nitazungumzia waliowachora. Na kuna swali moja ambalo nitalirudia mpaka mlizoee: aliyechora alipata nini?

Kwanza tukae mezani kwake. Meza yenyewe ina kioo katikati, na chini ya kioo kuna taa. Juu yake pamefungwa kipande cha chuma chenye vichomozo vitatu, na kila karatasi imetobolewa matundu matatu ili ikae pale pale, isisogee hata kidogo. Mchoraji mkuu amekwisha kuchora pozi mbili tu: msichana ameinamisha kichwa, msichana amegeuka anatazama dirishani. Katikati ya hizo mbili hakuna kitu. Kijana aliyeketi mezani ndiye wa kujaza nafasi hiyo. Anaweka karatasi tupu juu, mwanga unapenya, mistari ya chini inaonekana, naye anachora nywele zikiwa nusu ya safari, ukosi wa shati ukiwa nusu ya safari, ncha ya pua ikiwa nusu ya safari. Halafu anaingiza karatasi kati ya vidole na kuzipepesa haraka haraka, aone kama kichwa kinageuka au kinaruka. Kikiruka, anafuta na kuanza upya. Na mstari wake lazima ukamilike, usiache hata upenyo, maana atakayefuata atapaka rangi ndani ya mstari huo.

Siku hizi wengi wanachora kwenye skrini, lakini kazi ni ile ile. Kila mliyempenda, akigeuka, akikimbia, akilia, kuna mtu alikaa akamgeuza, akamkimbiza, akamliza, mchoro kwa mchoro.

Aliyechora alipata nini? Kwa miaka mingi mchoro mmoja wa aina hiyo umelipwa kama yeni mia mbili. Wachoraji wa Japani wana chama chao, JAniCA, kilichoanzishwa mwaka 2007. Utafiti wake uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba wanaochora michoro hiyo ya katikati walipata kwa wastani yeni milioni 1.1 kwa mwaka mzima. Mtu anayepanga chumba Tokyo hawezi kujitegemea kwa fedha hizo. Na sekta yenyewe? Mwaka 2023 soko la anime dunia nzima lilihesabiwa kuwa yeni trilioni 3.3, na zaidi ya nusu yake ilitoka nje ya Japani.

Trilioni upande mmoja, mia mbili upande wa pili. Imekuwaje? Hilo ndilo lililonileta hapa, na jibu lake liko ndani ya historia.

Mwanzo wake niupitie haraka. Mwaka 1917 watu watatu, Oten Shimokawa, Seitaro Kitayama na Jun'ichi Kouchi, walitoa filamu fupi za kuchorwa zilizoonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Moja ya filamu za Kouchi, kisa cha samurai aliyeuziwa upanga butu, ilipotea kwa miaka karibu tisini, kisha ikapatikana kwenye duka la vitu vya kale Osaka. Nyingi nyingine hatutaziona kamwe, kwa sababu tetemeko la Septemba 1923 liliiteketeza sehemu kubwa ya Tokyo pamoja na mikanda yake. Baada ya hapo kazi iliendelea kwa vikundi vidogo vidogo, mara nyingi nyumbani kwa mchoraji mwenyewe.

Fedha kubwa ya kwanza ililetwa na vita. Jeshi la wanamaji liligharamia filamu ndefu ya propaganda iliyoongozwa na Mitsuyo Seo. Ilitoka Aprili 1945, wakati miji ilikuwa imekwisha kupigwa mabomu na watoto wengi wamehamishiwa vijijini. Waliokusudiwa kuiona wengi hawakuwepo. Lakini Osaka alikuwepo mvulana wa miaka 16 aliyeingia kwenye jumba la sinema karibu tupu, akaitazama, akalia, akajiapiza kwamba siku moja naye atatengeneza filamu ya kuchorwa. Mvulana huyo ni Osamu Tezuka. Tutarudi kwake.

Sasa tuingie kiwandani. Natumia neno hilo kwa makusudi. Mwaka 1956 kampuni ya filamu ya Toei ilinunua studio ndogo ya katuni na kuanzisha Toei Doga. Mkubwa wake, Hiroshi Okawa, alitaka iwe Disney ya Mashariki. Wakajenga jengo jipya mtaa wa Nerima, Tokyo, wakaajiri vijana kwa wingi, na Oktoba 1958 wakatoa filamu ndefu ya kwanza ya rangi, ngano ya Kichina ya nyoka mweupe. Wachoraji wakuu walikuwa wawili tu, Yasuji Mori na Akira Daikuhara. Wawili, filamu nzima! Waliobaki walikuwa wanafunzi, wakijifunza kazi huku wakiifanya.

Mmoja wa vijana hao alikuwa mwanamke aitwaye Reiko Okuyama. Nataka nisimame kwake kidogo, maana dada zetu mliomo humu mnastahili kumjua.

Okuyama aliingia Toei mwaka 1957. Aliingia bila sifa kubwa, lakini alikuwa na mkono mwepesi na ukaidi mzuri. Wakati huo studio zilikuwa na utaratibu ulioonekana wa kawaida kabisa: wanaume huchora, wanawake hupaka rangi na kunakili mistari, na mwanamke akiolewa, na hasa akizaa, anatarajiwa kuaga. Okuyama alipanda kutoka michoro ya katikati hadi kuwa mchoraji mkuu. Mwaka 1963 aliolewa na mchoraji mwenzake, Yoichi Kotabe. Hakuaga. Alizaa. Hakuaga. Kampuni ilimbana, naye alisimama na wenzake wa chama cha wafanyakazi mpaka ikaeleweka kwamba mama aliyezaa anaweza kurudi kwenye meza yake ya kioo. Leo kwenye studio za anime wanawake ni wengi mno, wakuu wa rangi, wachoraji wakuu, waongozaji. Aliyewashikia mlango usifungwe, mmoja wao ni huyu. Mwaka 2019 runinga ya taifa ya Japani, NHK, ilionyesha tamthilia iliyotokana na maisha yake.

Chama hicho cha wafanyakazi kiliundwa mwaka 1961, baada ya watu kuugua kwa kazi za usiku na mchana. Mwaka 1964 katibu wake mkuu alikuwa kijana aliyeajiriwa mwaka mmoja tu kabla. Mnamjua? Hayao Miyazaki. Na makamu mwenyekiti alikuwa Isao Takahata. Watu tunaowataja kwa heshima ya wasanii wakubwa walijuana kwenye mikutano ya mishahara. Hilo wengi hawalisemi, nami naona ndiyo siri ya kazi yao. Mwaka 1968 walitoa filamu ya Horus, ambayo Takahata aliiongoza na Yasuo Otsuka akasimamia wachoraji. Kisa chake ni cha kijiji kinachomshinda shetani wa barafu pale wanakijiji wanapoacha kushukiana na kushikamana. Walipoichora walikuwa wanajichora wenyewe. Kila mtu, hata wa chini, alikuwa na ruhusa ya kuleta wazo. Iliwachukua miaka karibu mitatu. Kampuni haikuipa nafasi: ilikaa kwenye majumba ya sinema siku chache, na Takahata hakupewa tena filamu ya kuongoza pale Toei. Mwaka 1971 yeye, Miyazaki na Kotabe waliondoka.

Lakini tayari pigo kubwa zaidi lilikuwa limeshapigwa, na lilitoka kwa mtu aliyeipenda kazi hii kuliko wote. Turudi kwa Tezuka.

Kufikia miaka ya sitini Tezuka alikuwa mchoraji wa vitabu vya katuni maarufu kuliko wote Japani, na fedha zake aliziweka kwenye studio yake, Mushi Production. Tarehe 1 Januari 1963, Fuji TV ikaanza kurusha kipindi chake cha mvulana roboti, Tetsuwan Atomu. Nusu saa, kila wiki. Watu wa fani walisema haiwezekani, na tupige hesabu tuone kwa nini. Filamu inakwenda fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Dakika 25 ni fremu 36,000. Kila wiki!

Tezuka alifanyaje? Mchoro mmoja aliushikilia kwa fremu tatu, kwa hiyo sekunde ikahitaji michoro minane, si 24. Mhusika akizungumza, kichwa kimetulia, mdomo ndio unaochezacheza. Roboti akiruka angani, mchoro wa kuruka unahifadhiwa na kurudiwa wiki ijayo na wiki nyingine, nyuma yake yakibadilishwa mawingu. Akitaka huzuni, kamera inatembea polepole juu ya picha moja iliyosimama. Kwa njia hizo kipindi cha wiki moja kikatoka kwa michoro karibu elfu mbili. Na watoto walikipenda! Kilifikia asilimia 40 ya watazamaji, kikaenda vipindi 193 hadi mwisho wa 1966, na Marekani, kampuni ya runinga ya NBC ikachukua vipindi 52. Yale macho yanayotulia, ukimya kabla ya pigo, uso uliosimama huku upepo ukipita: mengi tunayoyaita mtindo wa anime yalizaliwa kwenye ubanaji huo. Namheshimu Tezuka kwa hilo, na nitaendelea kumheshimu.

Ila kulikuwa na bei. Ili runinga imkubalie, na ili wengine waogope kushindana naye, Tezuka aliuza kipindi kwa fedha iliyo chini ya gharama ya kukitengeneza. Pengo alitaka kuliziba kwa haki za mhusika: kampuni ya Meiji iliyodhamini kipindi iliweka stika za Atomu kwenye chokoleti zake, na watoto wakazigombania. Kwake hesabu ilikaribia kukaa sawa. Wengine je? Studio nyingine zikaingia kwenye runinga mwaka huo huo, Toei ikiwemo, zikakuta bei imeshawekwa. Ukitaka zaidi, unaambiwa Tezuka anaweza kwa hii. Nani basi wa kubeba hasara? Yule mwenye meza ya kioo. Ajira ya mshahara ikapungua, malipo ya kipande yakaenea. Tezuka alipofariki mwaka 1989, Miyazaki aliandika bila kumung'unya kwamba bei ile ilikuwa msiba kwa fani nzima. Watu walikasirika kwamba kwenye msiba haisemwi hivyo. Mimi naona alisema kweli, na kweli hiyo haimwondolei Tezuka ukubwa wake. Mushi yenyewe ilifilisika mwaka 1973.

Mnaona kamba inavyokwenda? Mtangazaji analipa kidogo. Kinachobaki kinatafutwa dukani, kwenye chokoleti. Na baada ya chokoleti ikaja midoli.

Mwaka 1972 baadhi ya waliotoka Mushi walianzisha studio iliyokuja kujulikana kama Sunrise. Mwaka 1979 walitoa kisa cha vita vya angani, Gundam, kikiongozwa na Yoshiyuki Tomino. Mdhamini alikuwa mtengenezaji wa midoli aitwaye Clover, aliyehitaji roboti la kuuzia watoto wadogo. Tomino akaleta vita vinavyoumiza, adui mwenye sababu zake, kijana anayeogopa. Midoli haikuuzika, kipindi kilichopangiwa sehemu 52 kikakatwa kikaishia 43. Kumbe waliokipenda walikuwa vijana wakubwa, ambao hawakutaka mdoli wa kuchezea. Walitaka kujenga mfano wa roboti lenyewe, kipande kwa kipande. Mwaka 1980 Bandai ilitoa mifano ya plastiki ya kuunganisha, na watu wakapanga foleni madukani. Clover ilifilisika mwaka 1983. Bandai ilifika mahali pa kuinunua Sunrise yenyewe mwaka 1994.

Aliyechora alipata nini katika foleni zile? Malipo ya michoro yake, basi. Fedha ya plastiki ilikwenda kwa mwenye haki ya plastiki.

Kisha utaratibu huo ukapewa umbo rasmi: kamati ya utayarishaji. Mchapishaji, kituo cha runinga, kampuni ya muziki, mtengeneza midoli na wakala wa matangazo wanachanga mtaji, na haki zinagawanywa kwa kadiri ya mchango. Studio inalipwa kiasi kilichokubaliwa kwa kutengeneza. Filamu ya Akira ya mwaka 1988 ilihitaji kamati ya namna hiyo, na mkiitazama mtaona fedha ilikwenda wapi: selo, yaani karatasi angavu za plastiki zinazopakwa rangi, zaidi ya 160,000, rangi 327, usiku mzima wa jiji uliopakwa kwa mkono. Baada ya mafanikio ya kipindi cha Evangelion mwaka 1995 kamati zikawa njia ya kawaida. Siziiti uovu. Bila kamati vipindi vingi visingezaliwa, maana hasara inagawanywa ili isimuue mtu mmoja. Ila studio isiyo na mtaji wa kuweka haina mgawo, na kipindi kikipendwa dunia nzima yenyewe ilishalipwa, imeshahamia kazi nyingine. Kazi ya katikati nayo ikasafiri kwenda kwenye mikono ya bei nafuu: Korea Kusini tangu miaka ya sitini, Ufilipino ambako Toei ina studio tangu miaka ya themanini, na China. Vijana, zingatieni. Kazi inayofuata mkono wa bei nafuu siku moja inaweza kubisha hodi hapa.

Je, hakuna aliyejaribu vingine? Wapo, na hapa moyo wangu unachangamka.

Studio Ghibli ilianzishwa mwaka 1985 na watu wale wale wa chama cha wafanyakazi, Takahata na Miyazaki, pamoja na Toshio Suzuki. Mwanzoni walikusanya wachoraji filamu ikianza na kuwatawanya ikiisha. Baada ya filamu ya mwaka 1989 kupata faida, wakabadilisha: wakaajiri watu kwa kudumu, wakafundisha vijana, wakalenga kuongeza mishahara maradufu. Matunda yake yalionekana mwaka 2001 kwa Spirited Away, iliyotwaa tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin na kisha Oscar. Mzigo wake ulionekana pia: mishahara ni gharama isiyosubiri filamu, na mwaka 2014 Ghibli ilisimamisha idara ya utengenezaji kwa muda.

Mfano wa pili umetoka mbali na Tokyo. Yoko Hatta alikuwa mpakaji rangi pale Mushi, kwa Tezuka. Aliolewa, akahamia Uji, karibu na Kyoto, na mwaka 1981 akawakusanya akina mama majirani, akawafundisha kupaka rangi selo kwa ajili ya studio za Tokyo. Akina mama, majirani, brashi. Kikundi hicho kikawa kampuni, Kyoto Animation. Badala ya kulipa kwa kipande, wakalipa mshahara. Badala ya kusubiri wachoraji waliofundishwa na wengine, wakafungua shule yao. Na wakaanza kuchapisha vitabu vyao wenyewe ili haki zibaki nyumbani. Tazameni filamu ya A Silent Voice ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Naoko Yamada. Tazameni miguu, vidole, namna msichana asiyesikia anavyoshika mkono wake mwenyewe. Mchoraji anayehesabu michoro ili apate kodi ya mwezi hana nafasi ya kutazama vidole kwa subira hiyo.

Tarehe 18 Julai 2019 mtu mmoja aliingia kwenye jengo lao akamwaga petroli na kuwasha. Watu 36 walikufa. Wachoraji, wapaka rangi, wakongwe waliofundisha, vijana walioajiriwa miezi michache tu kabla. Dunia nzima ilichanga, zaidi ya yeni bilioni tatu. Naomba tunyamaze kidogo kwa ajili yao.

Asanteni.

Kampuni hiyo haikufunga. Inaendelea kutoa kazi, na bado inafundisha.

Mambo yanasogea kwingine pia, polepole. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa biashara na haki za binadamu waliutaja ujira mdogo wa wachoraji wa anime katika ripoti yao juu ya Japani. Tangu tarehe 1 Novemba mwaka huo sheria mpya ya Japani inamtaka anayempa kazi mtu aliyejiajiri amwandikie masharti na amlipe ndani ya siku 60. Masharti ya maandishi na tarehe ya malipo: kwa aliyezoea kupewa kazi kwa simu ya usiku, hicho si kitu kidogo.

Kwa hiyo, vijana, baada ya maswali hatutaondoka. Nimekuja na nakala za mkataba wa mfano wa kazi ya kuchora. Tutakaa kwa makundi na kuusoma kifungu kwa kifungu: nani anamiliki mhusika, nani anamiliki michoro ya awali, mchoro ukirudishwa mara ya tatu unalipwa au haulipwi, na mdoli wake akiuzwa inakuwaje. Wazazi, nanyi kaeni, tunawahitaji. Karibuni maswali, tuanze na dada yule wa safu ya nyuma.